Je, wajua? Wenye hela nyingi wanajuaje soko limechafuka kabla yetu sisi

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa inaenda zaidi ya shilingi 160 za Kenya, na mimi nilikuwa na vidola vyangu ambavyo shemeji alinitumia kutoka Muscat. Nikavikalia. Mtaani kila mtu alikuwa mchumi wakati huo, dereva wa matatu anakwambia itafika 200, muuza mitumba anakwambia 200 hiyo ni karibu sana wewe ngoja uone. Basi nikangoja. Mwisho wa Machi dola ikawa 131 na senti, Aprili nikaenda kubadilisha nimenuna, na yule kijana wa dirishani akaniuliza mbona sikuja mapema. Sikumjibu.

Sasa kitu kilichonikera kuliko hasara yenyewe ni kuja kujua baadaye kwamba wakati sisi tunangoja 200 kuna watu walikuwa wanafanya kinyume kabisa, wanaingiza dola Kenya kwa mamilioni na kuzigeuza shilingi. Si matapeli wala walanguzi wa vichochoroni, ni mifuko ya uwekezaji, makampuni ya bima, wasimamizi wa pesa za pensheni za watu wa London na New York. Walijuaje? Wana ramli gani?

Hawakujua bwana. Nimesoma sana habari zao tangu siku ile na nilichoelewa ni kwamba hawa jamaa hawashindani kutabiri, wana maswali mawili wanayarudia kila asubuhi kama dawa: hofu iliyopo imeshalipiwa bei gani, na mambo yakiharibika mimi natokea mlango gani. Mengine yote, zile chati na skrini sita juu ya meza, yanatumikia hayo mawili.

Tuanze na hofu ya Kenya yenyewe ilikuwa nini. Mwaka 2014 serikali ilienda kukopa nje kwa Yurobondi, yaani karatasi ya deni inayouzwa kwa wawekezaji wa nje kwa dola, na kipande cha miaka 10 chenye riba ya asilimia 6.875 kilikuwa kimefika dola bilioni 2, kinatakiwa kilipwe chote kwa mpigo Juni 2024. Wakati huohuo nchi nyingine za Afrika zilikuwa zinaanguka moja moja, Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, Ghana ikasimamisha malipo ya madeni mengi ya nje Desemba 2022, alafu Ethiopia Desemba 2023 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 33 tu. Kwa hiyo swali lililokuwa mezani kwa kila aliyeshika karatasi ya Kenya ni je, Juni hiyo zamu ni ya nani.

Hapo ndo wanaanza kupima, na vitu wanavyopima vingi viko wazi kabisa hata mimi na wewe tunaweza kuviona. Benki Kuu ya Kenya inatoa taarifa yake kila Ijumaa, na ndani yake kuna mstari unaosema akiba ya dola za nchi inatosha kununua bidhaa za nje kwa miezi mingapi. Kiwango wanachotaka ni angalau miezi 4. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa chini ya 4. Taarifa hiyohiyo inakwambia serikali inakopa kwa riba gani kwa siku 91, na Februari ile ilikuwa imepita asilimia 16. Sasa jiulize tu kama mtu wa kawaida, jirani yako akija kukukopa kwa miezi mitatu na yuko tayari kukupa asilimia 16 kwa mwaka bila hata kubishana, utasemaje? Utasema huyu kabanwa.

Alafu kuna bei ya bondi sokoni, na hii wengi inawachanganya kwa hiyo nieleze polepole. Bondi ikishatolewa watu wanauziana wenyewe kwa wenyewe kama gari la mkono wa pili. Tuseme karatasi ya dola 100 inalipa riba 6.875 na imebaki mwaka mmoja irudishwe. Mwenye nayo ameogopa, anaiuza kwa 95. Wewe uliyenunua mwisho wa mwaka utapata 100 yako pamoja na 6.875, yaani umeweka 95 umepata 11.875 juu, hiyo ni asilimia 12.5. Riba iliyoandikwa kwenye karatasi haijabadilika hata chembe, kilichobadilika ni hofu ya muuzaji. Ndo maana ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba faida ya bondi za nchi fulani imepanda usishangilie, maana yake watu wanaikimbia. Wakubwa wanachukua hiyo 12.5 wanatoa ile ambayo Marekani inalipa kwa muda huohuo, na pengo linalobaki ndo bei ya hofu. Pengo likiwa linapanuka kila wiki kabla hakuna habari yoyote gazetini, wanajua kuna mtu anajua kitu.

Kwa soko zima la hisa la Marekani wana kipimo kingine kinaitwa VIX, kinatokana na bei ambayo watu wanalipa kujikinga na misukosuko ya mwezi mmoja mbele. Kikiwa kumi na kitu watu wamelala usingizi. Tarehe 16 Machi 2020, Korona imepamba moto, kilifunga siku kwenye 82.69. Lakini sijakuleta hapa kusoma namba, turudi Nairobi.

Januari 2024 Côte d'Ivoire ilienda sokoni ikakopa dola bilioni 2.6, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya kusini mwa Sahara kutoa Yurobondi baada ya karibu miaka miwili ya ukame. Mapema Februari Benin ikafuata na milioni 750. Kwa watu wa hii kazi hiyo ni habari kubwa kuliko hotuba yoyote ya waziri, kwa sababu inaonyesha wakopeshaji wamerudi mezani. Katikati ya Februari Kenya nayo ikaingia, ikatoa bondi mpya ya dola bilioni 1.5 kwa gharama ya asilimia 10.375. Ghali, ghali sana, na kelele zilikuwa nyingi mtandaoni kwamba tumeuzwa. Ila maombi ya wanunuzi yalizidi bilioni 5. Pesa hizo zikaenda kununua mapema sehemu kubwa ya ile bondi ya 2014, kama bilioni 1.44 kati ya zile 2, kwa hiyo ule ukuta wa Juni uliokuwa unatisha watu ukabaki kama hatua ya mlangoni.

Sasa ona hesabu ya aliyekaa London. Shilingi ilikuwa imeanguka kwa sababu ya hofu ya Juni. Hofu ya Juni imeondolewa wiki hii. Lakini bei bado ni ya hofu! Wiki hiyohiyo serikali ikafungua mnada wa bondi ya miundombinu kwa shilingi, ya miaka 8 na nusu, riba asilimia 18.46 na haina kodi, ikitafuta shilingi bilioni 70. Zikaja ofa za zaidi ya bilioni 288, ikachukua karibu 241. Tuseme mtu alileta dola milioni moja akazibadilisha kwa 155, akapata shilingi milioni 155. Miezi michache baadaye shilingi iko 130, hizo milioni 155 ni kama dola 1,192,000. Dola laki moja na elfu tisini na mbili juu, na hapo hajagusa riba yake hata senti. Mimi na vidola vya Muscat nilikuwa upande wa pili wa biashara hiyohiyo, ndo mimi nilimuuzia huyu bwana faida yake, kwa namna ya kusema.

Lakini usidhani kila mwenye pesa nyingi anacheza hivo. Mfuko wa pensheni wa hapahapa nyumbani una hesabu tofauti kabisa, unadaiwa kwa shilingi, wazee watakuja kuchukua pensheni kwa shilingi, kwa hiyo dola ikiwa 160 au 130 haiwanyimi usingizi sana. Wao wanachotafuta ni riba ya muda mrefu inayopita kupanda kwa bei za vitu, na 18.46 kwa miaka 8 na nusu kwao ilikuwa sikukuu. Hatari yao imejificha kwingine. Kanuni za Kenya zinaruhusu mfuko kuweka hadi asilimia 90 ya pesa kwenye karatasi za serikali, na serikali hiyohiyo ikiyumba hawa hawana pa kukimbilia, London anaweza kufunga virago Jumatatu, wao la.

Na hapo tunafika kwenye swali la mlango, ambalo kwa maoni yangu ndo kubwa kuliko yote na ndo linalosahaulika na sisi wadogo. Mfuko wa mafuta wa Norway, mkubwa kuliko yote duniani wa aina yake, mwisho wa 2021 ulikuwa na mali za Urusi za kama kroner bilioni 27. Kwa mfuko ule hiyo ni chenji. Vita vya Ukraine vikaanza Februari 24, 2022, siku tatu baadaye Norway ikatangaza inauza kila kitu, na tarehe 28 soko la hisa la Moscow likafungwa. Lilipofunguliwa tena Machi 24 wageni hawakuruhusiwa kuuza. Yaani uamuzi walikuwa nao, wanunuzi labda wangepatikana, mlango haukuwepo. Nigeria nayo, 2023, wawekezaji wa nje walikuwa wakiuza hisa zao vizuri tu kwa naira, shida ni kupata dola za kuondokea, mpaka FTSE Russell, kampuni inayopanga orodha za masoko ya hisa ambazo mifuko inazifuata, wakaitoa Nigeria kwenye orodha yao ya masoko madogo yanayoanza kukua. Ndo maana siku hizi kabla ya kununua wanauliza nikiuza itanichukua siku ngapi pesa ifike kwangu.

Kuna na ubaya mwingine wa mlango: upo, mpana, lakini wote mnaukimbilia dakika moja. Uingereza, Septemba 23, 2022, waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza kupunguza kodi bila kueleza vizuri pengo litazibwa na nini. Bei za bondi za serikali zikaanza kushuka. Kumbe mifuko mingi ya pensheni kule ilikuwa imekopa kwa kuweka bondi hizohizo rehani, na bei iliposhuka wakopeshaji wakasema ongeza dhamana, leo, sio kesho. Mfuko hauna pesa taslimu, unauza nini? Unauza bondi. Kuuza kunashusha bei zaidi, bei ikishuka simu inalia tena ongeza dhamana. Asubuhi ya tarehe 28 faida ya bondi za miaka 30 ilipita asilimia 5 na Benki Kuu ya Uingereza ikabidi iingie kununua, ikaahidi hadi pauni bilioni 65, mwisho wa yote ikatumia 19.3. Na hii ilikuwa karatasi ambayo kila kitabu kinaiita salama! Hatari haikuwa kwenye karatasi, ilikuwa kwenye idadi ya watu waliokuwa wameishika kwa mtindo mmoja. Ndo maana Bank of America kila mwezi inawauliza mameneja wa mifuko ni biashara gani imejaa watu kupita kiasi, na majibu yake yanasomwa kwa makini kweli kweli.

Hatari mpya zenyewe, zile ambazo hazijawahi kutokea, hapo wanabahatisha kama sisi, tusidanganyane. Wana mazoezi yao ya kukaa na kuuliza tuseme mafuta yamepanda maradufu, tuseme serikali imeanguka, mfuko wetu unabaki na nini, na yanasaidia kujua utaumia wapi ila hayakwambii lini. Kenya Juni 2024 wachambuzi walikuwa wanahesabu kodi mpya za Mswada wa Fedha, shilingi bilioni 346, wanaona deni litapungua, kwenye karatasi mambo safi. Vijana wa TikTok hawakuwepo kwenye hiyo karatasi. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa, kesho yake Rais Ruto akasema hatosaini mswada, na bondi za Kenya zikashuka palepale. Makampuni yanayopima kama nchi itaweza kulipa madeni yake nayo yakafuata: Moody's walishusha daraja la nchi kutoka B3 hadi Caa1 Julai 8, Fitch wakafuata Agosti 2, S&P Agosti 23. Angalia tarehe hizo vizuri. Anayesubiri daraja lishuke ndo auze, anauza kwa bei ambayo wenzake walishaikimbia wiki kadhaa nyuma, na wengine hawana ujanja kwa sababu kanuni za mfuko wao zinawalazimisha kuuza daraja likipita mstari fulani.

Februari 2025 Kenya ikarudi tena sokoni kutafuta bilioni 1.5, safari hii ya miaka 11, ili ipunguze bondi nyingine iliyokuwa inaiva 2027. Wakaipata, kwa asilimia 9.95, yaani nafuu kuliko ile ya mwaka uliotangulia kabla ya maandamano. Daraja la Moody's wakati huo lilikuwa bado ni lilelile la Caa1.