Pomboo na bakteria wa ziwani: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Swali: Msimbati tunaona pomboo, na ndugu zetu wa Rutamba wako jirani na ziwa. Kati ya pomboo na hao bakteria wa ziwani, yupi wa kuogopwa?

Jibu: Bakteria. Pomboo wa pwani yetu hufikia kama mita mbili na nusu, anapumua kwa mapafu, ananyonyesha, na hana shida na mtu. Bakteria aitwaye Mikrosistisi haonekani kwa macho akiwa peke yake. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na maji yakitulia, yakipata joto na mbolea iliyosombwa na mvua, huzaliana hadi ziwa likaonekana limemwagiwa rangi ya kijani. Ghuba za Ziwa Victoria zinaijua hali hiyo.

Swali: Si tunachemsha maji?

Jibu: Endeleeni kuchemsha, maana kipindupindu bado kipo. Ila sumu ya Mikrosistisi haivunjwi na moto wa jikoni. Bakteria anakufa, seli yake inapasuka, sumu inabaki kwenye sufuria. Kuchuja kwa kitambaa nako hakuiondoi. Sumu hiyo hushambulia ini. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo. Kwao iliingia moja kwa moja kwenye damu. Anayekunywa hapati kiasi hicho kwa mkupuo, lakini akinywa kila siku ini linaumia taratibu.

Swali: Kila ukijani ni sumu?

Jibu: Hapana, ila kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo ukwepe wote. Usichote hapo, usioge, na mbuzi wasinywe. Samaki wa hapo mtoe matumbo na ini kabla ya kupika. Mtu akitapika, akiharisha au akitoka upele baada ya kugusa maji hayo, apelekwe zahanati, na mganga aambiwe habari ya maji. Wengi husahau hilo.

Swali: Pomboo aliyekufa ufukweni analiwa?

Jibu: Haliwi. Maisha yake yote amekula samaki, na zebaki iliyomo ndani yao hujilimbikiza mwilini mwake. Anaweza pia kuwa na bakteria wa brusela, kwa hiyo usimshike kwa mikono mitupu. Mwite afisa uvuvi au watu wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni. Akiwa bado hai, mmwagieni maji mwilini, lakini tundu la juu ya kichwa liachwe wazi; ndipo anapopumulia.