Kava ya siti hainyooshwi kwa kuvuta

Jumamosi kaja jamaa na gari yake Toyota IST, kava mpya kabisa za ngozi, mshono wa siti ya dereva umeachia pembeni. Namuuliza imekuwaje, anasema "fundi, zilikuwa na mikunjo nikazivuta." Huyo wa tatu mwezi huu jamani!

Nyingi ya hizo mnazoita ngozi ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, ikikaa imekunjwa kwenye boksi inakakamaa. Ianike juani kwanza, ukiishika imelegea ndo uanze. Ukivuta ya baridi nguvu yote inaenda kwenye uzi, na pale pamejaa vitundu vya sindano, panachanika tu.

Alafu siti sio bapa kama godoro. Papasa hiyo ya kiwandani, ina mifereji, kitambaa kimevutwa chini kwa ringi za chuma zilizong'ata waya uliozama ndani ya sponji. Kava isipozama kwenye mfereji inapita juu kama turubai, ukikaa inashuka, ukishuka inabaki na mikunjo, na hapo hata uvute na watu wanne hainyooki. Kwahiyo anzia katikati, pitisha mikanda ya kava kati ya kalio na mgongo wa siti, kandamiza mfereji kwa ubavu wa kiganja, sukuma kuelekea pembeni, ndo ufunge ndoano za chini, za chini ziwe za mwisho kabisa nasema. Mikunjo midogo iache, funga vioo gari ilale juani siku mbili tatu.

Hita ya kupuliza mimi naitumia kwa woga, niliwahi kuikaribisha mno kona moja, kava ikatoa mng'ao na haikurudi tena.

Na kabla ya yote angalia ubavu wa mgongo wa siti upande wa mlango. Ukikuta lebo imeandikwa SRS AIRBAG, yaani ndani kuna mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, kava lazima iwe na uwazi au mshono dhaifu pale, kama haina usivalishe, airbag ikikosa pa kutokea ni hatari kwako. Waya za njano chini ya siti ni za hiyo airbag, usiziguse.

Sponji iliyolala ndo bado inanisumbua, naongezea nyembamba juu, ila wengine wanarudi baada ya miezi.

IST ya jamaa niliivua yote, nikashona, nikaanza upya katikati. Akakaa, akanyanyuka, mfereji umebaki palepale.