PrEP ina r, na r hiyo ina maana yake

Jumatatu jioni kijana mmoja aliinama kwenye kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, naomba kinga." Nikamwekea pakiti ya kondomu. Akatikisa kichwa. "Siyo hizo. Zile za kumeza. PrEP." Nikamuuliza anaitakia nini. Akajibu huku anaangalia barabarani: "Jumamosi niliteleza."

Si wa kwanza. Wiki iliyotangulia nilimsikia mtangazaji redioni akiieleza PrEP kuwa ni dawa ya kumeza "ukishakutana na mtu usiyemjua." Nikasema basi, hili leo naliandika.

Maana yenyewe ni fupi. PrEP ni dawa anayotumia mtu asiye na VVU kabla ya kukutana na virusi, ili vikiingia visipate pa kushika. Kidonge kinachojulikana zaidi kina dawa mbili, tenofovir na emtricitabine. Marekani ilikiidhinisha kwa kazi hii mwaka 2012, na moja ya tafiti kubwa zilizoonyesha kwamba kinafanya kazi ilifanyika Kenya na Uganda, kwa wenza ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Kenya ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2017. Hayo yanatosha.

Shida imekaa kwenye neno kinga. Kukinga ni kitendo cha kutangulia. Ukisikia ngurumo unatoa ndoo nje, unaiweka chini ya bati kabla tone la kwanza halijaanguka. Maji yakishaingia sebuleni hukingi tena, unapiga deki. Ndiyo kinga hiyohiyo iliyojificha ndani ya jina la UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. (Ipo pia kinga ya moto, ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Hiyo ni ukoo mwingine kabisa, ingawa nikifikiria Jumamosi ya yule kijana sina uhakika sana.)

Wagiriki nao waliliona hivyohivyo. Ile P ya mwisho kwenye PrEP inatokana na neno lao lenye maana ya kulinda kwa kutangulia: mlinzi anayesimama mbele ya mlango kabla mwizi hajafika. Mwanzoni mwa jina ndiko kunakosemwa wakati: Pr (pre) ni kabla, P peke yake (post) ni baada. Tofauti nzima imebebwa na r moja, na r hiyo kwa ndimi zetu nyingi haisikiki. Ukisema haraka, PrEP na PEP, ile dawa ya baada, zinatoka mdomoni kama mapacha.

PEP ndiyo deki. Inaanza ndani ya saa 72 baada ya tukio, na kila saa unayowahi ina faida, kisha unameza kila siku kwa siku 28. Kwa kawaida ni dawa tatu kwa pamoja, mara nyingi zilezile anazotumia mtu anayeishi na VVU kufubaza virusi. Hapa ndipo watu wanapozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu tenofovir imo kote: kwenye kinga ya kabla, kwenye ya baada na kwenye matibabu. Chupa zinafanana, vidonge vinalia ndani yake kwa mlio uleule. Kuna dada mmoja mteja wangu anayetumia PrEP ambaye hununua pamba kila mwezi ya kujazia chupa isilie kwenye pochi, maana mama mkwe akiisikia, hakuna r itakayomwokoa.

Na tafadhali, isiitwe chanjo. Hili limekuja na sindano ya lenacapavir, PrEP inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 matokeo ya majaribio Uganda na Afrika Kusini yalionyesha kwamba kati ya wanawake 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Habari njema mno. Lakini chanjo huufundisha mwili upigane wenyewe. Sindano hii haifundishi kitu, dawa yenyewe ndiyo iko lindoni. Ikiisha mwilini, lindo liko wazi.

PrEP pia haianzwi kwa kuotea. Unapimwa VVU kwanza, kwa sababu mwenye virusi akimeza dawa mbili tu anavipa nafasi ya kujenga usugu. Vidonge navyo vinataka siku kadhaa vijae mwilini ndipo vilinde. Miongozo ya Marekani humpa mwanamke hadi siku 21. Cha Jumatatu hakirudi nyuma kuifuta Jumamosi.

Nikahesabu naye kwa vidole: Jumamosi saa sita usiku mpaka Jumatatu saa kumi na mbili jioni, saa 42. Nikamwambia, mdogo wangu, unachotafuta kinaitwa PEP, na hapa dukani sikiuzi. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje kuche, uombe kwa jina hilo, bila r. Siku 28 zikiisha na ukapimwa ukakutwa salama, hapohapo waulize kuhusu ile yenye r.

Akaniomba niiandike kwenye karatasi. Nikaandika herufi tatu, kubwa. Na zile kondomu akazichukua.