Je, wajua kwa nini fidla humuuma mtu shingo?

Mwaka jana nilikuwa natembea na alama shingoni, upande wa kushoto chini ya taya, nyekundu imeingia weusi, saizi ya sarafu ya shilingi kumi. Na Lamu mnaijua, vichochoro vyembamba, mtu mwapishana bega kwa bega na punda juu yake, shingo utaificha wapi? Bas pale Mkunguni kwenye kahawa maneno yakaanza, ati nani huyo aning'ataye usiku. Jamani, ni fidla! Tena si mimi peke yangu, hata Ulaya wanaijua, huiita shingo ya mpiga fidla.

Sasa mbona chombo chenyewe ni kama nusu kilo tu, kinamtesa mtu hivi? Jibu liko kwenye kile kijibakuli cheusi kilichobanwa ukingoni, cha kuwekea kidevu, wapigaji wanakiita chinresti.

Kwanza jina lenyewe ladanganya. Kidevu hakilali pale, kinacholala ni taya la kushoto, kidevu chenyewe kinapita pembeni kidogo. Mimi nilikaa miezi nabana kwa ncha ya kidevu kama mtu aliyeshikilia simu kwa bega huku akipepeta mchele, halafu nashangaa kichwa chauma mpaka usiku.

Zamani kitu hicho hakikuwepo kabisa. Miaka ya 1600 na 1700 wengi walikuwa wakiiweka fidla kifuani au juu ya mtulinga na mkono wa kushoto ndio unaoibeba. Haikuwa shida sana mpaka muziki ulipoanza kutaka mkono upande juu ya shingo ya fidla kisha ushuke mbio mbio, na taabu iko kwenye kushuka, maana mkono ukirudi nyuma waivuta fidla na yenyewe yataka kwenda nao. Ndipo kiasi cha mwaka 1820 Mjerumani mmoja, Louis Spohr, mpigaji na mtunzi, akabuni chinresti. Chake kilikaa katikati kabisa, juu ya kile kipande kinachoshika nyuzi kwa chini, vingi vya leo vimesogea kushoto. Faida yake nyingine ni kwamba taya haligusi tena ubao wa juu, na ubao ule ndio unaoimba, ukiubana sauti yafifia, halafu jasho linakula vanishi. Kwa jasho la huku kwetu wakati wa kaskazi, vanishi ingebaki hadithi.

(Wapigaji wa India ya Kusini wao wameikwepa vita yote hii. Hukaa chini mkekani, kichwa cha fidla kinalala kwenye kifundo cha mguu, mwili wake unaegemea kifuani. Kidevu hakina kazi.)

Haya, tatizo lenyewe sasa. Shingo za watu haziko sawa lakini fidla dukani inakuja na chinresti moja ya kimo kimoja. Simama wima, tazama mbele, halafu pima kutoka mtulinga mpaka chini ya taya. Ubavu wa fidla ni kama sentimita 3 tu, kwa hiyo mwenye shingo ndefu anabakiwa na uwazi mkubwa, na uwazi huo lazima uzibwe na kitu, usipouziba wewe utauziba mwili, ama bega litapanda ama kichwa kitainama, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Wengi wetu tunakimbilia kile kiegemeo cha bega kinachobanwa chini ya fidla, tunakipandisha weee mpaka fidla inaelea juu ya mtulinga kama dau lililopwelewa, na shingo bado yauma.

Mimi aliyenifungua macho hata fidla hapigi. Ni mzee mmoja fundi wa nakshi, nilimpelekea chinresti imelegea nikijua ana vibanio vidogo. Akanitazama navyoishika.

"Mwanangu, mbona wainama?"

"Haifiki, fundi."

"Mlango ukiwa mfupi huinamishi nyumba, watia ubao."

Akanichongea kibao cha msaji, kimo chake unene wa kidole kidogo, akakipachika chini ya bakuli. Skrubu zikawa fupi ikabidi niagize ndefu, lakini siku ile ya kwanza kichwa kilikaa mahali pake, nikasema kumbe! Ukikaa sawa taya liwe juu ya bakuli kwa uwazi mdogo, kama unene wa kidole, ukitaka kubana unainamisha kichwa kidogo tu, kama unayemwitikia mtu "naam".

Umbo nalo lina maneno. Mwenye taya la mfupa mkali akipewa bakuli lenye ukingo uliosimama atachubuka, huyo apewe bapa. Mwenye nyama nyama anapenda lenye kina. Kinachokaa katikati au kushoto hapo ni kujaribu tu, hakuna wa kukuambia. Na ukiona mwasho badala ya maumivu angalia chuma, vibanio vingi vya chinresti vimepakwa nikeli na kuna ngozi hazipatani nayo, wengine mbao yenyewe ndiyo inayowawasha. Mimi nafunika kipande cha leso kuukuu, nakifua kila Ijumaa.

Jambo moja nilijifunza kwa hasara. Vile vibanio vinakazwa kwa kijiti cha chuma unachokiingiza kwenye kitundu cha skrubu, na ukikisukuma kikapitiliza upande wa pili kinakwaruza ubavu wa fidla. Wangu una mikwaruzo mitatu. Ingiza kidogo tu, zungusha, toa. Pia bakuli lisiguse kile kipande kinachoshika nyuzi, likigusa utasikia mvumo kama nyigu yuko ndani ya fidla na utaifungua yote ukimtafuta. Na lile gome laini la chini ya bakuli, aina ya vizibo vya chupa, hubonyea baada ya wiki mbili tatu, kwa hiyo likianza kutikisika usilaumu fundi, kaza tena robo mzunguko.