Mguu mnene hauzuii tangi la samaki kuyumba

Wiki iliyopita yamejirudia yaleyale. Mteja ameingia karakanani na picha kwenye simu: tangi la futi nne, stendi ya mninga, miguu ya inchi nne kwa nne kama nguzo za baraza. Analalamika kwamba mtoto akipita mbio sebuleni, maji yanacheza. Dawa keshaijua kabla hajaketi: "Fundi, niongezee mguu wa katikati, hii mbao ni nyembamba." Nyembamba! Nne kwa nne!

Nimelijibu hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika, ili mwingine akija nimpe asome.

Tupige hesabu kwanza. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 linachukua kama lita 250 za maji, na lita moja ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa mita ya mraba, hivyo tangi tupu ni kama kilo 55. Ongeza changarawe na mawe, unakaribia kilo 350. Ni watu wazima watano wamepanda juu ya meza moja. Sawa, ni mzigo. Lakini chukua mguu wa paini kavu, sentimita 5 kwa 5, mfupi, umesimama wima. Ukiupa kilo 50 tu kwa kila sentimita ya mraba, kiwango kilicho chini sana ya uwezo wake, unabeba zaidi ya tani moja. Huo ni mguu mmoja, na stendi ina minne.

Stendi haishindwi kwa kukandamizwa kutoka juu. Inaanguka kwa ubavu.

Chukua kiberiti, toa kile kidroo cha ndani, kisha lisukume ganda kwa kidole kwenye kona. Linalala. Rudisha kidroo, sukuma tena: halilali. Karatasi ni ileile, unene haukuongezeka. Fremu ya miguu minne iliyopigwa mbao juu na chini ni lile ganda tupu, na ukiijenga kwa mninga umepata ganda la bei ghali. Kinachoikaza ni plaiwudi mgongoni na mbavuni, milimita 9 au 12, kwa gundi na skrubu kila sentimita 15 kuzunguka kingo zote. Ya mgongoni inazuia kuyumba kushoto na kulia, za mbavuni zinazuia kwenda mbele na nyuma. Anayechukia plaiwudi apige mbao za mshazari, itafaa.

Kuhusu skrubu sitakaa sana. Ubao wa juu ukae juu ya kichwa cha mguu, mbao juu ya mbao. Ukiuning'iniza ubavuni mwa mguu kwa skrubu mbili, tangi lako limesimama juu ya skrubu mbili.

Sasa linaloniudhi hasa. Mtu anaweka pima maji upande wa mbele, kiputo kinatulia katikati, anaridhika. Amepima upande mmoja. Kona nne kuwa kwenye bapa moja ni jambo jingine kabisa, na watu wanahofia kuinama wakati adui ni kujisokota, yaani kona moja kupanda au kushuka peke yake. Tangi zima likiinama milimita 3 kuelekea kushoto, jicho litachukia, ila kioo hakitaona tofauti: shinikizo hufuata kina, na milimita 3 kwenye sentimita 50 si kitu. Stendi iliyojisokota milimita 3 ni hatari. Kioo hakipindi kuifuata mbao. Tangi linakaa kwenye kona mbili za mshazari, nyingine mbili zinaning'inia, na silikoni ya mishono inabaki kufanya kazi ambayo haikuwekewa.

Mimi napima kwa uzi. Mmoja kutoka kona hadi kona, wa pili kwenye kona zilizobaki, zote zimekazwa. Pale katikati zinapopishana ziguse tu. Kisha nabadilisha, wa chini uje juu. Zikigusa mara zote mbili, uso ni bapa. Ukiona mwanga kati yake, au mmoja unausukuma mwenzake, shika randa.

Na bapa la leo linaweza lisiwepo mwezi ujao, kwa sababu ya mbao mbichi. Paini nyingi tunayouziwa Dar inashuka kutoka Mafinga, na mara nyingi inafika bado nzito kwa maji. Mbao ikikauka haifupiki kwa urefu kiasi cha kuonekana, bali inasinyaa kwa upana. Ubao wa inchi nne unaweza kupoteza milimita 2 hadi 4. Ukiuchanganya na wenzake waliokauka, kona moja inashuka na tatu zinabaki, na tangi limeshajaa. Mimi hupima ukavu kwa kuinua ubao mkononi na kuugonga nisikie mlio, na nimewahi kukosea, nikalazimika kubomoa stendi iliyokwisha kupigwa vanishi. Kwa hiyo siku hizi nazilaza mbao karakanani, zikitenganishwa kwa vijiti, wiki kadhaa, hata mteja akinuna.

Sponji chini ya tangi lisilo na fremu ya plastiki? Naweka, inameza chembe ya mchanga. Lakini nimekaa na matangi yenye sponji na yasiyo nayo, yote mazima, na siwezi kuapa kwamba sponji ndiyo iliyoyaokoa. Ninachoapa ni kwamba haitibu mbao iliyojisokota.

Stendi ya yule mteja tuliipunguzia mzigo Jumamosi, tangi likashushwa. Ule mguu wa katikati sikuuweka. Nilipiga plaiwudi mgongoni na mbavuni, nikairanda kona ya nyuma iliyokuwa imepanda, tukajaza maji nusu na kuacha hadi asubuhi. Nikapitisha karatasi ya daftari chini ya kingo zote nne za kioo, haikupenya popote. Mwanawe akakimbia kutoka jikoni hadi mlangoni, mara mbili, sote tukiangalia maji. Yakatulia. Tukamalizia kujaza.