Je, ni kweli daktari hakosi kazi Kenya?

Mtoto akipata A, wazazi wengi Kenya bado humwambia: chukua udaktari, ajira inakungoja, mawakili wamejaa mjini. Kuhusu mawakili, kuna ukweli kidogo. Kuhusu madaktari, maneno hayo yamepitwa na wakati.

Anayehitimu udaktari baada ya miaka 6 hapati leseni kamili kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, na nafasi hizo hupangwa na Wizara ya Afya. Fedha zisipotengwa, husubiri nyumbani na shahada yake. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulichochewa sana na suala hilo: serikali ilitaka wanagenzi walipwe Sh70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000. Wakishamaliza, wengi hutegemea kuajiriwa na serikali za kaunti, nazo huajiri kwa kadiri ya bajeti, hata kama foleni ya wagonjwa imefika getini.

Mwanasheria ana vikwazo vyake: shahada ya miaka 4, mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law na mitihani ya kufuzu, pamoja na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili, ambako wengine huambulia nauli tu. Hata hivyo, anaweza kufanya kazi benki, kwenye bima au shirika bila kuapishwa kuwa wakili. Daktari asiye na leseni hana mlango kama huo wa kutibia. Kwa mshahara wa kuanzia, sawa, daktari aliyeajiriwa kwa kawaida humpita wakili mchanga. Shida ni hilo neno "aliyeajiriwa".