Je, wajua kwa nini muziki wa Bluetooth hukatika uwanjani lakini chumbani haukatiki?

Mtu ananunua hedifoni zisizo na waya kwa ajili ya mazoezi. Anazijaribu nyumbani, na hata akiiacha simu chumba cha pili, muziki unakwenda bila kasoro. Akienda kukimbia kwenye uwanja mpana, simu ikiwa mfukoni mwake, wimbo unaanza kukatikakatika: neno linamezwa, linarudi, kimya kidogo, kisha tena. Uwanjani hakuna ukuta wala mlango. Simu haijafika hata mita moja kutoka sikioni. Kinachozuia ni nini?

Ni yeye mwenyewe. Mwili wake umekaa kati ya simu na sikio, na kwa mawimbi yanayotumiwa na Bluetooth, mwili wa binadamu ni kizuizi kizito kuliko kuta nyingi za nyumba. Kuta zile za chumbani ndizo zilizokuwa zikimwokoa.

Hili ni gumu kukubalika kwa sababu wengi wetu tumezoea kuamini kinyume chake: ukuta ni adui wa mawimbi, uwazi ni rafiki. Kwa mnara wa simu imani hiyo ni sahihi, na kwa Wi-Fi iliyoko upande wa pili wa nyumba pia. Ndiyo maana hedifoni zikianza kukatika nje, lawama huangukia kila mahali isipokuwa pale panapostahili.

Mshtakiwa wa kwanza huwa ubora wa kifaa. Wengine hurudisha hedifoni dukani, wanapewa nyingine za aina ileile, nazo zinafanya vilevile.

Wa pili ni umbali. Vifaa vingi vidogo vya Bluetooth ni vya daraja la 2, ambalo nguvu yake ya kurusha haizidi miliwati 2.5, na kwa kawaida hutajwa kufika kama mita 10. Kutoka mfukoni hadi sikioni hatukaribii hata robo ya hapo. Umbali tuuachie huru.

Wa tatu ni mwingiliano wa mawimbi ya vifaa vingine, na huyu kidogo ana kesi ya kujibu, maana Bluetooth, Wi-Fi na maikrowevu vyote vimebanana kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Lakini jiulize: Wi-Fi na maikrowevu ziko wapi zaidi, nyumbani au katikati ya uwanja? Tena Bluetooth ya kurushia muziki haitulii mahali pamoja. Huruka kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejua kuzikwepa chaneli zenye msongamano. Kwenye njia panda zenye vifaa vingi mwingiliano unaweza kuchangia, ila hauwezi kueleza kwa nini mahali pasipo na kitu pawe pabaya kuliko sebuleni.

Wa nne ni jasho. Utando mwembamba wa jasho si kitu mbele ya unene wa kiwiliwili, ingawa tone likikaa juu ya antena yenyewe linaweza kuivuruga.

Kisha ipo nadharia ya tano, ambayo naipenda kwa sababu nusu yake ni kweli: kwamba gigahezi 2.4 ndiyo masafa maalumu ambayo molekuli za maji hutikisika kwayo, na kwamba maikrowevu ilipewa masafa hayo kwa sababu hiyo. Kweli ni kwamba maji hufyonza mawimbi haya. Umaalumu ndio haupo. Katika joto la kawaida la chumba, maji hufyonza kwa nguvu zaidi karibu na gigahezi 20, na hufyonza katika upana mkubwa wa masafa kabla na baada ya hapo. Maikrowevu za nyumbani ziko kwenye gigahezi 2.45 kwa sababu eneo hilo lilitengwa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947, na kwa sababu ufyonzwaji wa wastani una faida yake: mawimbi huingia ndani ya chakula badala ya kuishia kwenye ngozi yake. Eneo hilo halikuhitaji leseni kwa kila mtumiaji, kwa hiyo miongo kadhaa baadaye Wi-Fi na Bluetooth zilihamia humo. Matokeo yake tunausafirisha muziki wetu katika masafa yaliyotengewa kazi za kupasha joto. Hakuna haja ya hofu: maikrowevu ya wati 800 ina nguvu mara 320,000 ya zile miliwati 2.5.

Sasa turudi mwilini. Msuli kwa sehemu kubwa ni maji yenye chumvi, na mawimbi ya gigahezi 2.4 yakiuingia, kila baada ya takriban sentimita 2.2 nguvu yake hubaki kama moja ya saba ya ilivyokuwa. Zidisha moja ya saba kwa moja ya saba, na tena, na tena, kupita kiwiliwili chenye unene wa sentimita 20, na kinachotokea upande wa pili ni chini ya moja ya milioni kadhaa. Mafuta ya mwilini yana maji machache na hufyonza kidogo kuliko msuli, kwa hiyo miili hutofautiana, na si kwa namna ambayo mtu angekisia kwa kuitazama. Lakini kwa mwili wowote jibu la jumla ni lilelile: muziki haupiti katikati ya mtu. Unaofika sikioni umezunguka.

Kiasi gani kinapotea katika kuzunguka huko hutegemea mfuko, mkao na mahali antena ilipo, lakini hesabu yake inaonyesha uzito wa jambo. Hewani, kila umbali unapoongezeka mara 10, nguvu inayopokelewa hushuka mara 100. Kwa hiyo mwili ukipunguza nguvu mara 100, ni sawa na kuisogeza simu mara 10 mbali zaidi. Ukiipunguza mara 10,000, simu iliyo sentimita 70 kutoka sikioni inasikika kana kwamba iko mita 70.

Namna bora ya kuliona jambo hili ni kufikiria taa. Chukua taa ndogo, ibandike kwenye mfuko wa nyuma upande wa kulia, kisha ujaribu kusoma karatasi uliyoishika karibu na sikio la kushoto. Ukiwa katika chumba chenye kuta nyeupe utasoma, tena bila taabu. Mwanga hautoboi mgongo wako. Unagonga ukuta ulio nyuma, unarudi, unagonga dari, unashuka, na karatasi inaangazwa kutoka pande ambazo taa haipo kabisa. Sasa toka na taa ileile usiku hadi katikati ya uwanja. Taa haijapungua nguvu na karatasi haijasogea, lakini mwanga unaokwenda nyuma na pembeni unatokomea gizani, kwa maana hakuna kitu cha kuurudisha. Karatasi iko kwenye kivuli chako. Ukisogea karibu na ukuta mmoja tu, au gari lililoegeshwa, utaanza tena kuona herufi. Ardhi nayo hurudisha kidogo, ndiyo maana hata uwanjani giza si totoro.

Hedifoni za uwanjani ziko katika kivuli hicho. Anayetaka kuhakikisha anaweza kujaribu bila chombo chochote cha kupimia: simu mfuko wa nyuma, asimame pale wimbo unapokatika, kisha autembee uwanja kuelekea ukuta mrefu. Mara nyingi muziki hutengemaa kabla hajaugusa.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kuta ndiyo ambayo wahandisi wa redio huyalalamikia siku zote. Yakifika kwa njia mbili zenye urefu tofauti yanaweza kufutana, na ndani ya chumba hutokea sehemu ndogo zilizokufa, zilizoachana kwa sentimita chache. Kule kurukaruka kwa chaneli husaidia, kwa sababu sehemu iliyokufa kwa chaneli moja mara nyingi iko hai kwa nyingine. Kwa mtu mwenye simu mfukoni, hata hivyo, kero hiyo ya wahandisi ndiyo inayomletea wimbo.

Mwanga wa kweli hukata kivuli chenye ukingo mkali, na hapa taa na redio zinaachana kidogo. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12.5, kwa hiyo hupinda kidogo kwenye kona za mwili na kuambaa juu ya ngozi, likipungua kadiri linavyokwenda. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa karibu mita 3, marefu kuliko mtu mzima aliyesimama, na kwalo mwili ni kikwazo kidogo. Ndiyo maana redio ndogo ya FM haisumbuliwi na mfuko iliyomo. Vichezeshi vingi vidogo vya muziki na simu zenye FM hutumia waya wa hedifoni kuwa antena, na ndiyo sababu ukiuchomoa vinakuambia uurudishe.

Mbona basi wimbo haukatiki mfululizo, kwa kila hatua? Kwa sababu hedifoni huweka akiba ya sauti ya muda mfupi kabla ya kuicheza, na kipande kisichofika salama hutumwa tena. Kasoro fupi humalizwa humo bila wewe kujua. Unasikia kimya pale tu akiba inapoisha. Wakimbiaji wengi wataitambua hali hii: muziki uko sawa hadi unapogeuza kichwa kutazama nyuma kabla ya kuvuka barabara. Kichwa kimeizungusha antena upande wa kivuli kwa sekunde mbili, na akiba haikuwa ya kutosha.

Hedifoni mbili zisizounganishwa na waya wowote zina tatizo jingine juu ya hilo. Katika miundo mingi ya mwanzo, simu ilizungumza na sikio moja, nalo likapeleka sauti kwa la pili, yaani kuvuka kichwa. Bragi, kampuni ya Ujerumani iliyotangaza hedifoni zake za Dash mwaka 2014, ililikwepa kwa kutumia usumaku wa karibu katika masafa ya chini sana, mbinu iliyokuwa ikitumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Usumaku huo hupita kichwani karibu kana kwamba hakipo. Mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, uliotangazwa mwaka 2020, unaruhusu simu kutuma kwa kila sikio moja kwa moja. Unaondoa safari ya kuvuka kichwa, lakini kiwiliwili bado kipo palepale.

Vichezeshi vya zamani havikulijua tatizo hili. Walkman ya 1979 na vile vya CD vilivyofuata vilihangaishwa na mtikisiko, na iPod ya kwanza ya 2001 ilikuwa na diski inayozunguka, ikabidi ipewe memori ya megabaiti 32 ili wimbo usiruke. iPod shuffle ya 2005, gramu 22 na bila kitu chochote kinachozunguka ndani, ilimaliza suala la mtikisiko. Kisha waya ukaondolewa, na mwili ukawa tatizo.

Kwa anayechagua kifaa cha mazoezi leo, haya yanabadilisha maswali ya kuuliza. Idadi ya mita iliyoandikwa kwenye boksi haina maana kubwa, kwa sababu hupimwa pasipo mtu katikati. Cha maana ni kifaa kitakaa wapi. Kichezeshi kidogo chenye kibanio, kinachoning'inia kwenye ukosi au mkanda wa mkononi, kinalishinda simu ya bei mara nyingi zaidi iliyozikwa mfuko wa nyuma. Kikae upande ule wa sikio linalopokea, kama hedifoni zako ni za aina inayotumia sikio moja kupokea. Na kikae juu ya nguo, maana antena iliyobanwa kwenye ngozi hupoteza sehemu ya nguvu yake kabla safari haijaanza. Vitufe vya kubonyeza navipendekeza kuliko kioo cha kugusa, ambacho vidole vyenye jasho hukichanganya. Na waya, kwa wanaouvumilia, bado hauna mpinzani.

Kuogelea ni kesi ya peke yake. Alama ya IPX7 inamaanisha kifaa kimepimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30 bila maji kukidhuru. Haisemi kwamba kitastahimili maji yanayorushwa kwa kasi, kwani hicho ni kipimo kingine, na haisemi neno juu ya redio. Chini ya maji Bluetooth hufika sentimita chache tu, na kwenye maji ya chumvi hali ni mbaya zaidi. Hedifoni zitatoka bwawani zikiwa nzima, baada ya kukaa kimya kila kichwa kilipozama. Za waogeleaji hubeba nyimbo ndani yake zenyewe, kama Dash ilivyofanya kwa gigabaiti zake 4, kwa hiyo kabla ya kulipa tafuta mstari unaotaja gigabaiti. Usipokuwepo, alama ya IPX8, iliyo juu ya IPX7 kwa kuzamishwa, itakulindia kifaa, lakini majini hakitakuimbia.